Hata mkono mtupu una shukrani zake

WAHENGA walinena kwamba mkono mtupu haulambwi. Methali hiyo hunijia akilini kila msimu wa mavuno unapowadia na makanisa yetu kutangaza ile Jumapili ambayo waumini hupeleka mazao ya mashamba yao mbele ya madhabahu ili kumshukuru Mwenyezi Mungu.

Msomaji mpenzi, ikiwa umelelewa mashambani, bila shaka unaifahamu siku hiyo. Tangu asubuhi na mapema njia zote huelekea kanisani. Huyu kajitwika mkungu wa ndizi, yule kamfunga jogoo miguu na kumkumbatia kama mtoto, na mwingine kakodi bodaboda imbebee gunia lake la mahindi. Ibada ikimalizika, mnada huanza. Yai moja huweza kununuliwa kwa bei ya trei nzima, na aliyelinunua hulirudisha mezani liuzwe tena, watu wakicheka na kupiga makofi huku hazina ya kanisa ikijaa.

Ni siku tamu, lakini ni tamu kwa aliyevuna. Leo nataka tuzungumze kuhusu yule ambaye hakuvuna. Je, naye ana la kushukuru? Na akija kanisani mikono mitupu, aketi wapi?

Swali hili sikulitoa vitabuni. Liliingia nyumbani kwetu mwaka wa 2012, likaketi mezani pamoja nasi.

Kwetu ni Bomet, upande wa chini ambako mahindi ndiyo tegemeo la wengi. Mnamo Septemba 2011, ni huko huko Bomet, katika eneo la Longisa, ambako ugonjwa hatari wa mahindi uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya. Wataalamu walikuja kueleza kwamba unaletwa na virusi vya aina mbili vinavyoushambulia mmea kwa pamoja, na kwamba husambazwa na vidukari na wadudu wengine wadogo ambao mkulima huweza kupita kando yao asiwaone. Mmea ukishapatwa, hakuna dawa ya kuuponya.

Mama yangu hakuwa na habari kamili kuhusu hayo. Alisikia kwamba kuna mashamba yaliyokauka upande wa pili, akadhani ni jua. Februari 2012 alikopa pesa katika chama cha akina mama, akanunua mbegu na mbolea, akapanda ekari zake mbili. Mvua ilinyesha vizuri. Mahindi yalimea kwa mstari, na yalipofika kiunoni, wapita njia walikuwa wakisimama kumpongeza.

Kisha majani yakaanza kuwa na michirizi ya manjano. Mama alifikiri mbolea haikutosha, akauza kuku watano na kuongeza nyingine. Majani yakaendelea kukauka, kutoka ukingoni kuelekea katikati, na mimea mingi ikafa kabla ya kutoa mbelewele. Shamba ambalo katika mwaka wa kawaida lilimpa magunia 30 lilimpa magunia mawili, na hata hayo mawili yalikuwa na mahindi mengi yaliyooza.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha uanahabari. Karo yangu ilikuwa imesimama shambani pamoja na mahindi hayo, na yalipokufa, nayo ikafa. Nilirudi nyumbani na sanduku langu, nikakaa muhula mzima.

Jioni moja tuliketi kula. Unga tulikuwa tumenunua dukani, jambo ambalo kwa mkulima ni aibu asiyoizungumza. Mama alifumba macho akaomba, na kama kawaida yake alimaliza kwa neno la Kikipsigis ambalo hulitumia mara nyingi kuliko jingine lolote: Kongoi. Maana yake ni asante.

Siku hiyo neno hilo lilinichoma. Nilimwuliza, kwa sauti ambayo haifai mtoto kumtolea mzazi, "Mama, kongoi ya nini? Shamba limekufa, deni la chama lipo, mimi niko nyumbani. Unamshukuru Mungu kwa lipi?"

Mama hakukasirika. Alimega ugali, akanijibu polepole: "Mwanangu, mimi simshukuru Mungu kwa mahindi yaliyokufa. Hayo nimemlilia kule shambani, na yeye anajua. Namshukuru kwa ninyi mlioketi hapa. Nikingoja mpaka kila kitu kiwe sawa ndipo nishukuru, nitakufa bila kusema asante."

Nilinyamaza. Sitasema kwamba hasira iliniisha usiku ule, kwa maana haikuisha. Lakini nilikuwa nimejifunza jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwenye mimbari yoyote, kwamba mtu anaweza kulia na kushukuru siku moja, na asiwe mnafiki.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Mama alitangaza kwamba haendi. Yeye aliyefundisha shule ya Jumapili kwa miaka mingi alisema atabaki nyumbani kuchunga ng'ombe, ilhali ng'ombe walikuwa wawili tu na wamefungwa kamba. Sote tulielewa. Mkono mtupu haulambwi.

Alfajiri jirani yetu mmoja alibisha hodi. Alikuwa na maharagwe katika karai, ameyagawa mafungu mawili. Alimwambia mama, "Dada, chukua fungu hili twende. Hakuna atakayejua limetoka wapi." Mama alimshukuru sana lakini akakataa. Alisema hawezi kumpelekea Mungu mazao ya shamba la mwenziwe na kujidai ni yake. Jirani alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi twende hivyo hivyo ulivyo. Nitaketi nawe."

Mama alivaa, tukaenda.

Watu walipoitwa mbele, safu baada ya safu, nilitamani ardhi inimeze. Safu yetu ilipofikiwa, mama aliinuka. Alitembea mpaka mbele, nyuma ya mwanamke aliyebeba boga na mbele ya mwanamume aliyebeba debe. Alipofika kwenye meza, hakuweka kitu. Aliinamisha kichwa, akasimama kitambo, akarudi mahali pake. Wapo waliotazamana. Wapo waliotazama chini.

Mnada ulipoanza, mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alinunua debe la maharagwe. Hakulirudisha liuzwe tena kama ilivyo desturi. Alilibeba mwenyewe, akaliweka chini miguuni pa mama, akaenda zake bila kusema neno.

Maharagwe hayo tulikula nusu. Nusu nyingine mama aliichanganya na majivu na kuihifadhi kwa ajili ya mbegu, kwa sababu kufikia wakati huo maafisa wa kilimo walikuwa wakipita wakiwashauri wakulima waache kupanda mahindi kwa muda, wapande maharagwe, viazi na mimea mingine ambayo ugonjwa ule hauishambulii. Msimu uliofuata kipande kidogo cha shamba letu kilikuwa cha maharagwe ya mnadani na sehemu kubwa ilikuwa ya viazi.

Sitakudanganya, msomaji wangu, kwamba maharagwe hayo yalinilipia karo. Hayakunilipia. Ng'ombe mmoja kati ya wale wawili aliuzwa, na deni la chama lilichukua karibu miaka miwili kulipwa. Lakini tulikuwa na kitu cha kutia ardhini, na mwenye mbegu mkononi hajashindwa.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma Biblia kwa jicho la mkulima, na nimegundua kwamba kitabu hicho kinawajua wakulima kuliko wahubiri wetu wengi wanavyowajua.

Chukua Kumbukumbu la Torati sura ya 26, ambayo husomwa mara nyingi siku ya mavuno. Mwisraeli anaagizwa atie malimbuko ya shamba lake katika kikapu na kuyapeleka kwa kuhani. Lakini tazama anayoagizwa kuyasema akifika huko. Haanzi kwa kujisifia shamba lake. Anaanza kwa kusimulia dhiki: jinsi babu yake alivyokuwa mtu wa kutangatanga, jinsi wazee wake walivyoteswa Misri na kutumikishwa, na jinsi walivyomlilia Mungu. Baada ya masimulizi hayo ndipo anataja kikapu. Kwa maneno mengine, machozi yamo ndani ya shukrani yenyewe. Tena sura hiyo inaamuru kwamba mgeni na Mlawi, watu wasiokuwa na ardhi yao, washiriki katika furaha ya siku hiyo. Asiyevuna ana kiti chake katika sikukuu ya mavuno, na kiti hicho kiliwekwa na mwenye sikukuu.

Au msome nabii Habakuki, sura ya tatu. Karibu na mwisho, nabii huyo anahesabu hasara moja moja kama karani: matunda ya mtini, ya mzabibu na ya mzeituni, mavuno ya mashamba, kondoo, ng'ombe. Hafichi hata moja. Baada ya kuhesabu zote ndipo anasema kwamba hata hivyo atamfurahia Mungu wake. Ningekuwa mhubiri ningewaambia wakulima waandike orodha kama hiyo kwa majina ya mazao yao wenyewe, mahindi, kahawa, miwa au maziwa, waisome kwa sauti, kisha waone kama bado wana neno la kusema.

Hata kabla ya wamishonari kufika, wazee wetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Wanandi, ambao ni ndugu wa karibu wa Wakipsigis, walikuwa na sherehe iliyoitwa kipsunde, iliyofanywa wakati wa mavuno ya wimbi. Walijua kwamba mkulima hulima, hupanda na hupalilia, lakini kuna sehemu ya kazi ambayo haimo mikononi mwake.

Na sehemu hiyo, jamani, ni kubwa. Tumeyaona wenyewe. Mwaka 2017 viwavijeshi kutoka ng'ambo viliingia nchini na kutafuna mahindi yakiwa machanga. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kavu za nchi, na zaidi ya mifugo milioni mbili ikafa. Februari 14, 2023 ilitengwa iwe siku ya taifa zima kuomba mvua. Mwishoni mwa mwaka uo huo mvua ya El Nino ilinyesha hadi ikasomba nyumba na mifugo, na watu walioomba inyeshe wakawa wanaomba ikome. Mafuriko mengine yakafuata kati ya Machi na Mei 2024.

Kutokana na hayo yote, kuna mafundisho mawili ambayo naona ni ya hatari, na sharti niyataje bila kuuma maneno.

La kwanza ni lile la wahubiri wanaowaambia wakulima kwamba shamba likikauka ni kwa sababu mwenyewe hakutoa sadaka ya kutosha, na kwamba akitaka mvua apande mbegu ya pesa madhabahuni. Nimewahi kukutana na mkulima aliyetoa pesa za mbolea kwa njia hiyo, akarudi nyumbani kupanda bila mbolea. Watu hao ni wale wale rafiki za Ayubu, waliomkuta mwenzao kwenye majivu wakaanza kumtafutia dhambi. Yesu mwenyewe, katika Mathayo sura ya tano, alifundisha kwamba Mungu huwanyeshea mvua wema na waovu bila kubagua. Virusi vilivyoua mahindi Bomet havikuuliza nani hutoa zaka. Viliua ya mzee wa kanisa na ya mlevi, ua kwa ua.

La pili ni lile la kusema "ni mapenzi ya Mungu" na kukunja mikono. La hasha! Anayeshukuru kwa kweli hukitunza alichopewa. Mama yangu angeendelea kupanda mahindi juu ya mahindi msimu baada ya msimu huku akiimba kongoi, virusi vile vingekuwa na chakula cha kudumu. Shukrani zake zilimfanya amsikilize afisa wa kilimo, abadilishe mimea, ang'oe mmea uliougua mara anapouona, na kuanza kuandika katika daftari kila shilingi inayoingia na kutoka shambani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndivyo ilivyo pia baada ya kuvuna. Ni jambo la kusikitisha kumwona mtu akitoa gunia kanisani Jumapili, kisha Jumatatu anatia mahindi yake ghalani yakiwa bado na unyevu. Mahindi yanapaswa kukaushwa mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, la sivyo kuvu huingia na kuleta ile sumu ambayo imewahi kuua watu wengi humu nchini, hasa mwaka wa 2004 katika sehemu za Ukambani. Kuanika mahindi vizuri ni ibada pia, ingawa haina kwaya.

Kwa makanisa nina ombi, na nalitoa kwa unyenyekevu. Kama ni desturi yenu kusoma hadharani majina ya waliotoa na kiasi walichotoa, hebu ifikirieni upya. Yapo majina ambayo hayamo katika orodha hiyo si kwa sababu ya uchoyo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Isitoshe, kabla ya nyimbo za shangwe kuanza, tengeni dakika chache za kuwaombea waliopoteza, bila kuwataja na bila kuwasimamisha. Na mnada ukiisha, msiuze kila kitu. Mambo ya Walawi sura ya 19 inamwamuru mwenye shamba asivune mpaka pembeni kabisa, awaachie maskini na mgeni. Mkiacha debe moja au mawili bila kuyauza, hazina ya kanisa haitafilisika.

Na wewe, ndugu yangu au dada yangu mkulima, ambaye mwaka huu mambo yalikwenda mrama, nina neno kwako. Labda mvua ilichelewa, labda ng'ombe wako wa maziwa alikufa wakati wa kuzaa, labda dalali alichukua viazi vyako kwa bei ya kutupa ukakosa hata pesa za mbegu. Usijilazimishe kutabasamu. Lia, na umwambie Mungu yote kama yalivyo, maana hatashtuka. Kisha tazama pande zote uone kilichobaki. Pengine ni watoto. Pengine ni jirani anayebisha hodi alfajiri na karai. Pengine ni afya ya kushika jembe tena. Kwa hicho kilichobaki, sema asante, hata kama sauti inatetemeka. Halafu nenda kanisani. Mkono wako mtupu si aibu, kwa sababu ni mkono uliolima.

Mama yangu bado analima. Mahindi alikuja kuyarudia, lakini hayapandi peke yake, na hayapandi mahali pamoja misimu miwili mfululizo. Ipo miaka anayovuna vizuri na ipo mingine ambayo akinipigia simu najua kwa jinsi anavyosalimia kwamba mambo si mazuri. Neno lake la mwisho kabla ya kukata simu halijabadilika.

Kila Jumapili ya mavuno hupeleka debe moja la maharagwe. Debe hilo haliingii mnadani. Humkabidhi mmoja wa wazee wa kanisa kimyakimya kabla ya ibada, na kumwambia alipeleke kwa yule atakayemwona ameketi nyuma.